Usiweke sindano kabla hujaosha: siku ya kusaka santuri Arusha na Moshi

Sahani ya santuri ya inchi 7 iliyolala juu ya kabati huko Ngarenaro ya Arusha, au Majengo ya Moshi, kwa miaka arobaini ina vitu viwili ndani ya mifereji yake: muziki na vumbi. Sindano haichagui. Ikishushwa juu ya vumbi inalisaga, inalishindilia kwenye kuta za mfereji, na pale palipokuwa na gitaa panabaki mchakacho ambao hakuna sabuni itakayouondoa tena. Kwa hiyo anayesaka santuri katika miji hii miwili aigawe siku yake vizuri: asubuhi ni ya miguu, mchana ni wa maji, na kusikiliza kungoje jioni.

Vumbi la huku si la kudharau. Udongo wa chini ya Meru na Kilimanjaro umetokana na volkano, una chembe ngumu, na wakati wa kiangazi unapenya hata kabati lililofungwa. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, atakwambia, "Ngoja nikuwekee uisikie," huku mkono wake uko tayari kushusha sindano iliyochakaa tangu enzi hizo. Mkatalie kwa adabu. Mwambie utaitazama kwa macho tu na utalipa hivyo hivyo. Afadhali kununua sahani moja mbovu kuliko kuiua nzuri palepale mezani.

Zilifikaje huku

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi kubwa, lakini kanda zake zilikuwa za kurushwa hewani, si za kuuzwa dukani. Bendi iliyotaka sahani ilifunga safari ya Nairobi, ikarekodi huko, na sahani zikafyatuliwa huko huko. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuwa na sura mbili: ule wa redioni na ule wa sahani, wenye mwendo tofauti, gitaa tofauti, pengine hata maneno yaliyobadilishwa. Anayesema wimbo fulani anao kwenye simu, tena wa redio, bado hana wa sahani.

Kwa mtu wa kaskazini Nairobi ilikuwa jirani kuliko Dar es Salaam. Namanga iko kama kilomita 110 kutoka Arusha, na Moshi ina njia yake ya Holili na Taveta. Sahani zilifuata barabara hizo hizo pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa Arusha, ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Ulipofunguliwa, kaseti ilikuwa imeshaingia majumbani. Ukikuta rundo ambalo karibu lote ni la miaka ya sitini na sabini mwanzoni, kisha linakatika ghafla kama uzi, usidhani mwenyewe aliacha kupenda muziki. Njia ndiyo iliyofungwa.

Wapo pia waliopita hapa wakiwa njiani. Wanamuziki Wilson Kinyonga na nduguye George walitoka bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaja Arusha mwaka 1970, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, na huko ndiko jina la bendi ya Simba Wanyika lilikozaliwa. Sahani ya Simba Wanyika ikipatikana Kaloleni au Levolosi, iokote kwa heshima mara mbili.

Asubuhi: begi na adabu

Begi la msakaji halihitaji mengi. Tochi ndogo yenye mwanga wa nukta moja, maana taa pana ya simu inaficha michubuko. Mifuko mipya ya karatasi, ishirini au thelathini. Brashi laini kavu. Daftari. Noti ndogo ndogo, kwa sababu bei ya maelewano huharibika mtu anapotoa noti kubwa na kudai chenji. Kwa sahani ndogo, kata boksi la rimu za karatasi za A4: sahani ya inchi 7 ina upana wa sentimita 17.5 na inasimama humo vizuri bila kuinama. Elpii, yaani sahani kubwa za inchi 12, zinataka boksi lenye upana wa ndani usiopungua sentimita 32. Zisimamishe wima, zibanane kidogo, na boksi lisiwekwe kamwe nyuma ya kioo cha gari. Saa moja ya jua ndani ya gari lililofungwa inatosha kuikunja sahani kama chapati.

Pa kuanzia ni kwa mafundi redio, hasa wale wazee wa kuzunguka Soko Kuu na Krokon kwa Arusha, na mitaa ya Mbuyuni kwa Moshi. Fundi aliyedumu miaka mingi ameachiwa mashine ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na redio kubwa za kabati za zamani zina sehemu ya chini ya kuwekea sahani ambayo watu huisahau. Fungua hiyo sehemu kwanza. Baada ya mafundi, waone wanunuzi wa vyuma chakavu na wauza fenicha kuukuu: kwao redio ya kabati ni mbao na shaba, na sahani zilizomo ni takataka zinazosubiri kuchomwa. Waachie namba ya simu na uwape kitu kidogo kila wakikuita, hata siku ambayo hakuna kitu. Soko la Memorial pale Moshi ni la nguo, lakini wauzaji wake wanatoka kila kona ya mkoa na kila mmoja ana babu mahali. Uliza.

Rundo zuri kabisa haliko sokoni. Liko Machame, Kibosho, Marangu, Old Moshi, kwenye nyumba zilizojengwa kwa fedha ya kahawa, ambako mashine ya santuri ilinunuliwa pamoja na cherehani na saa ya ukutani. Huko hufiki kama mnunuzi, unafika kama mgeni. Nenda na mtu anayejulikana, amkia, kaa, kunywa ulichopewa. Ukiulizwa, sema wazi: "Mzee, natafuta sahani za santuri za zamani, hata zilizokwaruzika. Nazisafisha, nazirekodi, na nakala ya nyimbo nitawaletea." Kisha litimize hilo neno la nakala kwa matendo. Familia inayopewa flashi yenye nyimbo za marehemu baba yao ndiyo itakayokupeleka kwa jirani. Na usipekue kabati la mtu. Subiri uletewe.

Ukipewa rundo, usichambue mbele ya mwenye mali ukitoa zile "nzuri" na kumrudishia zilizobaki kama makapi. Toa bei ya rundo lote. Mara nyingi sahani isiyo na lebo ndiyo inayokuja kuwa ya maana, kwa sababu ile sehemu laini kati ya wimbo na lebo ina namba iliyokwanguliwa kiwandani, na namba hiyo inabaki hata mende wakila karatasi yote. Ndiyo ya kuandika kwenye daftari kwanza.

Utakachokuta, kwa haraka: sahani ndogo za dansi zilizofyatuliwa Kenya, za Kikongo zilizopitia huko huko Nairobi, nyimbo za filamu za Kihindi zilizofyatuliwa Dum Dum, Calcutta, kwaya, na Jim Reeves, kila nyumba Jim Reeves. Chini kabisa ya rundo huwa kuna zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, na hizo zina sheria zake.

Kutazama

Shika sahani kwa kingo, tochi uiweke upande wa chini ili mwanga upite juu ya mifereji kwa mshazari, kisha izungushe polepole. Mkwaruzo unaouona lakini huusikii kwa ukucha mara nyingi hauruki, utachakacha tu. Mkwaruzo unaokwama ukucha utasikika kila mzunguko, na ukienda sambamba na mfereji badala ya kuukata, sindano itang'ang'ania hapo hapo ikirudia neno moja. Huo wa sambamba ni mbaya zaidi, ingawa kwa macho unaonekana mdogo.

Kibaya kuliko yote hakionekani kama mkwaruzo. Ni rangi ya kijivu. Sahani iliyokuwa nyeusi tii, ikiwa imefifia na kuwa kama jivu, hasa karibu na lebo, imelika kwa sindano nzito. Hiyo ni sahani ya baa au ya sherehe, imepigwa mamia ya mara, na sauti ya mwimbaji itakwaruza kila anapopaza. Kinyume chake, sahani chafu kupindukia, yenye matope ya vidole na hata doa la chai, lakini chini yake weusi unang'aa, inaweza kuwa nzima kabisa. Uchafu unaondoka. Ulikaji hauondoki.

Wako wanaopaka sahani mafuta ya nazi au dawa ya kung'arisha fenicha ili ipendeze. Utaitambua kwa alama ya kidole inayovutika kama kwenye kioo chenye jasho. Si lazima uiache, ila ujue itaoshwa mara mbili.

Angalia na tundu la katikati. Likiwa limepanuka au halikutobolewa katikati, sahani itayumba, na noti ndefu itapanda na kushuka kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.3 kwa mizunguko 45. Hilo linarekebishika kidogo kwa kuisogeza kwa mkono mpaka mkono wa sindano uache kucheza kushoto na kulia. Sahani zenye tundu kubwa la milimita 38 zinahitaji kipete cha plastiki cha kuzibia. Anza safari ukiwa nacho.

Mchana: mabeseni matatu

Hapa ndipo siku inapoamuliwa, na hapa ndipo wengi huharakisha.

Kwanza tenganisha. Sahani za mizunguko 78 za zamani hazikufanywa kwa plastiki bali kwa utomvu wa shelaki uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, hazipindi, ukizigonga kidogo kwa kucha zinalia kama kigae, na zikianguka zinavunjika kama kigae vile vile. Spiriti ya aina yoyote inayeyusha shelaki. Tone moja tu linatengeneza shimo la ukungu lisilofutika. Hizi zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji na sabuni kidogo, zikaushwe mara moja, na lebo isiguswe na maji hata kidogo.

Za plastiki zinastahimili zaidi. Beseni la kwanza: lita 2 za maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono hauyasikii kuwa ya moto, na matone matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na losheni. Matatu, si kijiko. Sabuni ikizidi inabaki mfereji mzima kama utando, na utaiona baadaye ikikusanyika kwenye ncha ya sindano kama pamba nyeupe. Anayepata pombe safi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, anaweza kuongeza sehemu moja kwa nne za maji kwa sahani yenye mafuta au ukungu. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko ina rangi na vitu vingine ndani yake, na baadhi ya spiriti za kupaka kwenye ngozi zina mafuta. Ziache zote mbili.

Linda lebo. Tafuta vifuniko viwili vya makopo ya plastiki vyenye upana wa sentimita 9 hadi 10, gundisha ndani ya kila kimoja pete iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kisha bana sahani katikati ya vifuniko hivyo kwa bolti ndefu na nati ya masikio inayopita kwenye tundu. Kazi ya saa moja, inadumu miaka.

Sasa brashi. Brashi ya rangi ya inchi 2 yenye nywele laini, mpya, isiyowahi kuona rangi. Ichovye, kisha ifuate mifereji inavyozunguka, mizunguko kumi kwenda na kumi kurudi, bila kukandamiza. Usisugue kuelekea katikati, maana hapo unazivuta chembe ngumu zikate kuta za mifereji. Sahani yenye madoa meupe ya ukungu, ambayo Moshi baada ya masika ni jambo la kawaida, iachwe imelowa dakika tano kwanza, ndipo brashi ipite. Maji yakibadilika rangi, mwaga, changanya mengine. Maji ya beseni la kwanza baada ya sahani sita au saba za kiangazi huwa kama maji ya kunawia miguu, na mtu anayeendelea nayo anahamisha tu vumbi kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Beseni la pili ni maji ya bomba, mengi, ya kusuuzia sabuni. Lakini usiishie hapo. Maji ya Arusha yana madini mengi, hasa floridi inayotoka kwenye miamba ya Meru. Yakikauka juu ya sahani yanaacha vipele vidogo ambavyo sindano itavisoma kimoja kimoja. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Beseni la tatu linataka maji yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa sheli kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, chupa zinafanana, na wote wanasema "maji ya betri". Huna haja ya kujaza beseni: mililita 50 hadi 100 kwa kila sahani, ukimimina taratibu juu ya mifereji huku ukiizungusha, zinatosha.

Kukausha ni kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, zikiwa zimesimama, kivulini, ndani, dirisha likiwa limefungwa. Feni isiwashwe. Kufuta kwa kanga kunaacha nyuzi. Kama una haraka tumia kitambaa laini kama cha miwani. Saa mbili za kungoja zinatosha, na ni muda mzuri wa kuandika daftari: jina la bendi, mtunzi, namba ya lebo, namba iliyokwanguliwa. Kila sahani iliyokauka iingie kwenye mfuko mpya. Mfuko wa zamani utunze pembeni, usiurudishe, umejaa vumbi lile lile ulilotoka kuliosha.

Sahani iliyopinda kidogo inaweza kuwekwa kati ya vioo viwili vya milimita 5, vitabu juu yake, kwa wiki kadhaa. Anayeianika juani ili "ilainike kidogo" ataitupa jioni.

Mashine

Mashine nyingi zinazopatikana huku zimeletwa na wageni au zimekuja kwenye makontena, na hapo pana mtego. Umeme wetu ni volti 230, wenye mapigo 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani inataka volti 120, mapigo 60. Transfoma ya kushusha volti inaokoa mota isiungue, lakini haibadilishi hiyo 50 kuwa 60. Mota ya kizamani inayofuata mapigo ya umeme itazunguka kwa sehemu tano kwa sita ya mwendo wake: mizunguko 45 inakuwa 37.5, na Mbaraka Mwinshehe anaimba kama mtu aliyetoka usingizini. Mashine za mota ya DC, au zenye kioo cha kwazi, hazina shida hiyo. Uliza kabla ya kununua.

Mwendo unapimwa bila kifaa. Bandika kipande cha karatasi pembeni ya sinia, lile linalobeba sahani, washa saa ya simu, hesabu. Kwa 45 unataka mizunguko 45 kwa dakika. Kwa elpii, dakika tatu ziwe na mizunguko 100 kamili. Ikipungua, tazama mkanda unaozungusha sinia. Mpira wa mkanda wa zamani hulegea au hugeuka lami. Safisha lami yote kwa spiriti, pima njia ya mkanda kwa uzi, agiza mpya ulio mfupi kwa karibu asilimia 5 ya urefu wa uzi ili uvutike. Lastiki ya fundi cherehani haifai, inanesa na kuyumbisha sauti. Kinachofaa kutoka kwa fundi cherehani ni mafuta yake: tone moja kwenye mhimili wa sinia.

Uzito wa sindano ndio watu hukisia, na ndio unaoua sahani. Vichwa vya sindano vya bei nafuu vya Audio-Technica aina ya AT3600L vinataka gramu 2.5 hadi 3.5, VM95E inataka gramu 2. Kinyume na wengi wanavyodhani, uzito mdogo kupita kiasi nao unaharibu, kwa sababu sindano inarukaruka na kugonga kuta. Arusha tuna bahati ya pekee: mji umejaa mizani midogo ya madalali wa tanzanite. Karati 5 ni gramu 1, kwa hiyo gramu 2 ni karati 10. Weka kipande kinene cha kadibodi juu ya mizani ili sumaku iliyo ndani ya kichwa cha sindano isivute chuma cha chini, rudisha mizani kwenye sifuri, shusha sindano taratibu, soma.

Sindano ya ncha ya mviringo ihesabiwe saa 500 hivi, ya ncha yenye umbo la yai kama 300. Sahani za mizunguko 78 zinataka sindano yake, pana mara nne hivi, kwa sababu mfereji wake ni mpana. Ile ya elpii inaburuza chini ya mfereji na kusoma takataka tu. Mvumo mzito kwenye spika karibu siku zote ni ule waya mwembamba wa ethi kutoka kwenye mashine ambao haujafungwa nyuma ya amplifaya. Na waya za sauti ziende kwenye tundu za foni, yaani zile za santuri. Zikichomekwa kwenye tundu za kaseti sauti itakuwa ndogo, nyembamba, bila besi kabisa.

Jioni

Sasa ndiyo. Sahani nyingi za dansi za miaka ya sitini ni mono. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze: mchakacho unaotoka chini ya mfereji unajifuta kwa sehemu kubwa, muziki unabaki katikati, umetulia. Ni tofauti ya ajabu kwa kitufe kimoja.

Anza na sahani ambayo huijui. Masikio yakiwa mapya yapewe kitu kipya. Sikiliza kwa mpangilio: mara ya kwanza wimbo wote; mara ya pili fuata gitaa la ridhim tu, lile ambalo hakuna anayelisifu, linaloshika wimbo kama boriti ya nyumba. Kwa Simba Wanyika ndilo linalokupa utamu, linajibizana na solo bila kuinua sauti. Mara ya tatu fuata besi, uone inavyoacha nafasi tupu mahali ambapo wewe ungeweka noti.

Bendi za wakati huo zilijulikana kwa mitindo yao, na mwenye sikio aliweza kuzitofautisha akiwa nje ya ukumbi: Western Jazz na Saboso, Morogoro Jazz na Sululu, Tabora Jazz na Segere Matata, Atomic ya Tanga na Kiweke. Ukizipiga mfululizo jioni moja, sahani safi kwenye mashine iliyopimwa, tofauti hizo zinarudi wazi: tumba zinakaa mbele au nyuma, tarumbeta inaingia kabla au baada ya kiitikio. Kwenye simu, kutoka kwenye nakala ya kaseti iliyonakiliwa mara tano, zote zinakuwa "zilipendwa" tu, uji mmoja. Hilo linasikitisha, kwa sababu watu wale walishindana vikali ili wasifanane.

Upande mmoja wa inchi 7 unabeba dakika nne au tano tu, na wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo uligawanywa, sehemu ya kwanza na ya pili, na sauti inafifia palepale gitaa linapoanza kuchemka. Usiondoke hapo. Hadithi iko upande wa kwanza, lakini magitaa yameachiwa nafasi upande wa pili, na nakala nyingi zinazozunguka mitandaoni zina upande wa kwanza peke yake.

Ndiyo maana rekodi kila sahani siku hiyo hiyo, wakati bado ni safi. Toa waya kwenye tundu za kurekodia za amplifaya hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity inatosha, biti 24 kwa kilohezi 48, faili la WAV, kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Upande wa dakika nne unachukua kama megabaiti 70. Acha sekunde chache za mwanzo na mwisho, na usikimbilie kufuta mchakacho kwa programu, kwa sababu programu inayofuta mchakacho inakula na kayamba. Nakala ghafi ibaki ghafi, usafi ufanyike kwenye nakala nyingine. Rekodi pande zote mbili kama faili mbili, kisha ndipo uziunge kwa ajili ya kusikiliza.

Ndani ya mfuko mpya wa kila sahani weka kikaratasi: tarehe iliyooshwa, sindano iliyotumika, namba iliyokwanguliwa, na ilikotoka, mtaa au kijiji, bila jina la mtu. Andika kwa penseli, kabla ya kuiingiza sahani, si juu yake. Wino unahamia kwenye plastiki wakati wa joto.